Ishara za Seli na Kusambaa kwa Melanoma: Ushauri kwa Wanaoanza Utafiti

Anayeanza kuchunguza jinsi melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli za rangi za ngozi, inavyosambaa huonyeshwa kwanza mchoro wa mishale wa protini zinazopokezana ishara ndani ya seli: RAS huamsha BRAF, BRAF huamsha MEK, MEK huamsha ERK, na hatimaye seli hugawanyika. Mchoro huo ni sahihi na inafaa kuukariri, lakini unaeleza kukua kwa uvimbe zaidi kuliko kusambaa kwake. Yatenganishe maswali hayo mawili mapema, maana kuyachanganya ndiko kunakoharibu rasimu nyingi za wanafunzi ninazozisoma.

Ushahidi uko kwenye ngozi yenyewe. Tangu mwaka 2002 inajulikana kwamba jeni ya BRAF hubadilika katika melanoma nyingi. Leo hukadiriwa kuwa takriban nusu. Badiliko linaloonekana zaidi ni V600E, ambapo asidi amino ya valini katika nafasi ya 600 ya protini huwa glutamati, na BRAF, ambayo ni kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine), ikabaki ikifanya kazi bila kungoja amri. Hata hivyo, badiliko hilohilo hupatikana katika madoa meusi ya kawaida, ambayo seli zake hugawanyika kwa muda kisha zikatulia kwa miaka mingi.

Ili seli isambae, lazima kwanza iachane na majirani zake. Melanosaiti (seli za rangi ambamo melanoma huanzia) hushikamana na keratinosaiti (seli kuu za tabaka la juu la ngozi) kwa protini ya E-kadherini. Inapopungua na nafasi yake kuchukuliwa na N-kadherini, protini ya jamii hiyohiyo, seli hupata uwezo wa kushuka kwenye tabaka la ndani la ngozi. Huko hukutana na ishara nyingine: protini ya VEGF-C huchochea mishipa ya limfu kuchipua, na seli zenye kipokezi cha CCR7 huvutwa na protini ya CCL21 kuelekea tezi za limfu.

Jambo linalowatatiza wengi, na ambalo kwangu ndilo lenye utamu zaidi, ni kwamba seli hubadili hali. Zenye MITF nyingi (protini inayodhibiti jeni za melanosaiti) kwa kawaida hugawanyika. Zenye MITF kidogo na AXL nyingi (kipokezi kilicho juu ya seli) hugawanyika polepole lakini hupenya tishu, na ishara kama TGF-beta na WNT5A huzisukuma upande huo. Kwa hiyo, ukisaga sahani nzima ya seli na kupima protini zake, unapata wastani wa makundi mawili yenye tabia tofauti, na wastani huo huenda usilingane na seli hata moja. Zitazame pia seli mojamoja kwa darubini.

Unapopima mwendo kwa kuhesabu seli zilizopita kwenye chujio lenye matundu madogo, fanya jaribio liishe kabla hazijapata muda wa kugawanyika, au sivyo utahesabu uzazi na kuuita mwendo. Kumbuka pia kwamba seramu (majimaji ya damu yanayoongezwa kwenye lishe ya seli) ina TGF-beta na vichocheo vya ukuaji, na kwamba ERK huweza kuamshwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo andika muda kamili wa kila sampuli.

Mwisho ni dawa. Vemurafenibu, dawa inayozuia BRAF iliyobadilika na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huzima ERK katika seli zenye V600E, lakini katika seli zenye BRAF ya kawaida na RAS iliyoamshwa huweza kuichochea. Ukizitumia seli hizo kama kundi la kulinganishia, usitarajie zitulie. Weka pia kizuizi cha MEK katika jaribio hilo, ndipo utaweza kujua badiliko unaloliona limepitia njia ipi.