Unanunua fremu ya baiskeli ya mlimani? Tazama kwanza nyaya zinapita wapi

Watu wanaoniuliza kuhusu fremu huanza na uzito, kisha rangi, kisha ukubwa wa tairi. Swali la nyaya huja baadaye sana, siku gia zimegoma na fundi anaizunguka baiskeli akitafuta waya umeingilia wapi na umetokea wapi. Mimi naishi Arusha, naendesha kwenye miteremko ya Meru, na nikipata nafasi napandisha baiskeli kwenye basi kwenda Lushoto. Kwa mtu anayeendesha mazingira kama haya, shauri langu ni kuchagua fremu ambayo nyaya zake unaziona kwa macho tangu kwenye usukani hadi gurudumu la nyuma.

Ukiuliza kwa nini, nitakutajia vumbi kwanza. Udongo wa volkano upande wa Ngaramtoni na Oldonyo Sambu ni laini kama unga wa sembe, na kiangazi unapenya kila mwanya. Lushoto wakati wa masika shida ni tope jekundu, linalonata na kukaukia palepale. Waya wa gia una unene wa milimita 1.2 tu, na unateleza ndani ya kava lenye unene wa milimita 4 au 5. Vumbi likishaingia humo, gia ya nyuma inaanza kuchelewa, inaruka meno, na wewe unaanza kuilaumu deraila, kile kifaa kinachohamisha mnyororo, ambayo haina kosa. Kwa hiyo huku kwetu waya na kava ni vitu vya kubadilishwa mara kwa mara, sawa na pedi za breki. Kitu cha kubadilishwa mara kwa mara kisifichwe.

Pale nyaya ziko nje, kazi yote ni kukata kava jipya kwa urefu wa lile la zamani, kupitisha waya, kukaza bolti moja kwenye deraila na kurekebisha mvuto. Unafanya barazani kwako huku chai bado ya moto. Zikiwa ndani ya fremu, waya unaingia kwenye tundu karibu na shingo na unatakiwa utokee kwenye tundu lingine karibu na ekseli ya pedali. Katikati hapo ni giza. Watu wanatumia sumaku, uzi, spoku iliyokunjwa ncha, hata kifyonza vumbi. Nimekaa na fundi mmoja hodari, mtu anayejenga gurudumu kuanzia spoku ya kwanza bila kusaidiwa, akahangaika asubuhi nzima na fremu ya namna hiyo ya mgeni aliyekuwa akipita mjini. Hakukosa ujuzi. Amekulia kwenye Phoenix, baiskeli ambayo fimbo zake za breki ziko wazi, kila kiungo unakigusa. Aliyeibuni fremu ile ya mgeni alikuwa akimfikiria fundi mwenye karakana yenye vifaa vyote, na karakana hiyo haiko Soni wala Mtae, vijijini huko milima ya Usambara.

Halafu kuna huu mtindo wa miaka ya karibuni wa kuingiza nyaya na paipu za breki kupitia beringi za shingo. Baiskeli inapendeza kweli, mbele hakuna tundu hata moja. Lakini fikiria kazi yenyewe. Beringi ya juu ya shingo ikiisha, huwezi kuitoa mpaka uondoe kila kinachopita katikati yake: waya wa gia, waya wa kiti cha kushuka (kile unachokishusha kwa kitufe ukiwa unaendesha) kama kipo, na paipu ya breki ya nyuma. Kuondoa paipu kwenye breki ya mafuta maana yake ni kuifungua kwenye mkono wa breki, kuweka kipete na kipini kipya mwishoni mwa paipu, kujaza mafuta upya na kutoa hewa. Kwenye fremu ya kawaida, kubadilisha beringi hiyohiyo ni kulegeza bolti za stemu inayoshika usukani, kushusha foki ya gurudumu la mbele, kutoa ya zamani na kuweka mpya. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuikataa fremu, hata iwe nyepesi kiasi gani.

Na mafuta yenyewe si ya aina moja. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini, breki nyingi za SRAM zinatumia DOT, mafuta ya aina ya breki za gari, na hizo mbili hazichanganywi hata tone, maana mpira wa ndani utavimba na breki itakufa. Ukiwa mbali na mji, breki ya mafuta usiyolazimika kuifungua ni neema. Paipu ikiwa nje unaitoa kwenye vishikizo na kuirudisha ikiwa imefungwa vilevile, bila kumwaga chochote.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wauzaji hawalitaji. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na wengi tumezoea mkono wa kulia uwe breki ya mbele. Baiskeli nyingi zinazotoka Ujerumani, Uholanzi au Marekani zimefungwa kinyume. Kwenye fremu yenye paipu za nje unahamisha mikono ya breki, unapanga paipu upya kwenye vishikizo, na kama urefu unatosha, umemaliza. Kwenye zile zilizopita shingoni, mara nyingi itabidi ukate.

Basi, umekubali nyaya za nje. Usiishie hapo, maana za nje nazo zina tabaka zake.

Fremu nyingi za miaka ya 1990 na ya 2000 mwanzoni, zile tunazozikuta kwenye mitumba, zina vituo vidogo vilivyochomelewa kwenye bomba la juu au la chini. Kava linaishia kwenye kituo, waya unaendelea ukiwa mtupu, kisha kava lingine linaanza. Mfumo huu ni mwepesi na una raha yake. Kama kituo kina mpasuo ubavuni, weka gia ya nyuma kwenye sprocketi (gurudumu la meno) kubwa huku unazungusha pedali, simamisha, halafu bofya shifta, yaani kitufe cha gia kwenye usukani, hadi mwisho kuelekea sprocketi ndogo bila kuzungusha pedali tena. Waya unalegea, unachomoa kava kwenye mpasuo, unapangusa waya kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, unarudisha. Hakuna bolti iliyoguswa. Ubaya wake ni kwamba kila mwisho wa kava ni mlango wa vumbi. Pia vituo hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya waya, kwa hiyo paipu ya breki ya mafuta haipiti humo. Usikubali fundi avitoboe kwa drili ili paipu ipite. Kuna vishikizo vya kubana juu ya vituo hivyo, na ukivikosa, vibanio vya plastiki vinafanya kazi.

Mfumo ninaoupenda zaidi ni wa kava zima, lisilokatika kutoka kwenye shifta hadi kwenye deraila, likishikwa na vishikizo vya bolti au vya kubana. Milango ya vumbi inabaki miwili tu. Waya unakwaruza zaidi kidogo kwa sababu ya urefu wa kava, lakini kwa vumbi na tope tulilonalo naona ni biashara nzuri. Ukienda kuangalia fremu, hakikisha vishikizo vinafunguka. Kuna fremu zenye vipete vilivyochomelewa vikawa duara kamili. Waya unaonekana uko nje kabisa, lakini paipu ya breki haitoki bila kufunguliwa kwenye mkono wake, na hapo umerudi kulekule kwenye kutoa hewa.

Angalia pia njia yenyewe. Nyaya zinazopita juu ya bomba la juu zinaepuka tope linalorushwa na gurudumu la mbele. Zinazopita chini ya ekseli ya pedali zinakaa mahali pachafu kuliko pote kwenye baiskeli, na jiwe likigonga hapo linagonga kava. Zikipita juu, kumbuka kwamba baiskeli ikiwa na deraila ya mbele itahitaji ile inayovutwa kutoka juu, na si kila duka linayo. Mimi ningeiacha deraila ya mbele kabisa. Sprocketi moja mbele inakuondolea shifta, waya na kava kwa mpigo, na sprocketi za nyuma za siku hizi zina meno ya kutosha kupandia mlima.

Kabla hujalipa, geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Nyaya zisivutike, wala kava lisikunjike kwa kona kali. Kama fremu ina shokapu ya nyuma, toa hewa kwenye shokapu na uikandamize hadi chini, ukitazama waya na paipu pale kiungo kinapokunjika. Hapo ndipo kava hufa mapema. Pitisha kidole mahali kava linapogusa bomba. Ukikuta rangi imelika hadi alumini inaonekana, bado si mwisho wa dunia, lakini mfereji unaoshikika na ukucha ni sababu ya kuiacha. Kwenye fremu ambayo bado haijalika, bandika plasta ngumu ya kuzuia msuguano kabla ya safari ya kwanza.

Mwenye fremu ya nyaya za ndani tayari asiiuze kwa kusoma haya. Kama ina kijibomba ndani ya bomba, yaani ukisukuma kava mbele linajitokeza lenyewe nyuma, huna tatizo kubwa. Kama haina, usiwahi kuvuta waya wa zamani ukatoka wote kabla hujapitisha kitu cha kushika njia. Acha waya ndani, chomoa kava, vika kava jipya juu ya waya uleule hadi litokee upande wa pili. Na vizibo vya mpira vya matundu vitunze, kwa sababu kikipotea hutapata chake, na maji yatakaa ndani ya fremu.

Za nje zina kero zake. Kijiti cha porini kinaweza kunasa kava. Kwenye buti la basi, kati ya magunia, paipu iliyo wazi ndiyo inayokandamizwa, kwa hiyo mimi nafunga kipande cha boksi kwenye bomba la chini na kusimamia upakiaji mwenyewe. Kuosha nako kunachukua muda kidogo zaidi. Na kiti cha kushuka karibu chote cha sasa kinataka waya uingie ndani ya bomba la kiti. Tundu moja hilo fupi nalivumilia.

Fremu mpya za namna hii bado zinatengenezwa. Surly wa Marekani, Cotic na Starling wa Uingereza, na Nicolai wa Ujerumani wamejulikana kwa kuacha nyaya nje, na bei zao si za mchezo. Kwa mfuko wa kawaida, chuma au alumini ya mtumba iliyonyooka, yenye masikio ya breki ya diski nyuma, itakufikisha kokote.

Mkoba wangu wa njiani una waya wa gia wa ziada uliokunjwa, kipande cha kava, vibanio vya plastiki, plaizi na spana za Allen. Ukinunua kava la akiba, litazame mwisho wake: la gia lina nyuzi zilizonyooka kwa urefu, la breki limezungushwa mviringo. Usiweke la gia kwenye breki hata kwa dharura, kwa sababu ukikamata breki kwa nguvu kwenye mteremko linaweza kupasuka ubavu. La breki kwenye gia halina hatari, gia tu hazitakaa sawa mpaka ufike mjini.