Jaketi la Mtumba, Pambo la Mkono: Maswali Yenu na Majibu

Dada, nimepata jaketi la jinzi pale soko la Owino, Kampala, kwa bei nzuri. Ni zima, ila halina mvuto. Nianzie wapi? (Msomaji, Kawempe)

Anza na kufua, mdogo wangu, kabla hujagusa sindano. Likikauka, linyanyue mbele ya dirisha ulikague viwiko, kola na mabega. Panapopenya mwanga, kitambaa kimechoka na hakitabeba shanga. Hapo weka kiraka cha kitenge. Fundi yeyote wa mtaani kwako ana gunia la mabaki, mwombe. Kitenge nacho kiloweke kwanza, maana kipya hurudi na pengine huchuja rangi. Kunja ukingo kiasi cha nusu sentimita, upige pasi, ubane kwa pini, kisha ushone kwa mkono taratibu. Nakusihi usitumie gundi, kwani kwenye jinzi inayofuliwa kila wiki haidumu.

Nilishona shanga za karatasi kifuani. Baada ya kufua mara moja zikavimba na kufumuka. Kosa liko wapi? (Msomaji, Gulu)

Kosa karibu kila mara liko tunduni. Ushanga wa karatasi ni ukanda mrefu wa pembetatu uliosokotwa kwenye kijiti chembamba, ukatiwa gundi, kisha ukapakwa vanishi. Wengi hupaka tumboni tu na kusahau ncha mbili, na maji huingilia hapo hapo. Chukua ushanga mmoja uutazame kwa karibu: ukiona tabaka za karatasi nyeupe kuzunguka tundu, haujakamilika. Chovya ncha zote, acha zikauke kabisa, rudia mara mbili au tatu. Kina mama wa Acholi Quarter, upande wa Kireka, wameendesha maisha kwa shanga hizi za magazeti na kalenda kuukuu. Ukiwa Kampala, nunua kwao uone shanga iliyomalizwa vizuri inavyong'aa mpaka tunduni.

Ushonaji pia una maana. Tumia uzi wa poliesta maradufu, na kila baada ya shanga mbili tatu piga fundo upande wa ndani. Uzi ukikatika utapoteza shanga tatu, si safu nzima. Usiziweke kwapani, kiwikoni, wala mahali mkanda wa begi unapokaa. Lakini ninayoipenda kuliko zote ni njia hii: zishone kwenye ukanda wa kitambaa kigumu, na ukanda huo uufunge kwenye jaketi kwa vifungo vya kubana. Siku ya kufua unaubandua.

Nataka kuweka lubugo mgongoni. Je, inafaa? Mzee mmoja kanikemea. (Msomaji, Masaka)

Mzee msikilize, kijana wangu. Lubugo ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao, na Waganda wamelivisha wafalme na kulizikia wafu wao. UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mimi naona heshima kulivaa, lakini kwa anayelihusisha na msiba ni jambo zito, basi ongea na wakubwa wa nyumbani kwanza.

Wakikubali, kumbuka kwamba lubugo halikufumwa. Halina nyuzi za kulishikilia, hivyo tundu la sindano karibu na ukingo huchanika. Litandike juu ya pamba nyepesi, shona mishono mirefu sentimita moja kutoka pembeni, na usilifue. Hilo nalo lifunge kwa vifungo vya kubana.

Jaketi langu lina mabaka ya kijani kama ya jeshi. Naweza kulipamba nilivae mjini? (Msomaji, Mbarara)

Hapana. Nchini Uganda raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na maua ya uzi juu yake hayatakuokoa ukisimamishwa. Liache.

Na jaketi la ngozi bandia? Huku Kabale kuna baridi, nalo lina joto zuri. (Msomaji, Kabale)

Livae lilivyo, dada. Kila tundu la sindano hubaki wazi milele, na mahali pa mashono ndipo linapoanza kubanduka. Pasi nayo italiyeyusha. Badilisha vifungo tu, na kwenye zipu fungia kishada kidogo cha nyuzi za rangi. Ukiwa na hamu ya kudarizi zaidi, darizi skafu ya kuvaa nalo.