Umenunua chenso, sasa tafuta mtu wa kushika kamba

Mkuu, umesema umepata chenso ya mtumba, yaani msumeno wa mnyororo wa petroli, uko Kigoma mjini, na unataka kuanza kazi ya kukata na kupunguza miti kwenye makazi ya watu. Umeuliza inalipa kiasi gani na ina hatari kiasi gani. Kazi hii nina mwaka wa kumi na tatu nayo: Ujiji, Mwanga, Gungu, Bangwe, mara mojamoja Mwandiga. La hela nitalipitia haraka, maana la pili ndilo lililonikalisha niandike.

Hela ipo. Mwembe mkubwa uliolalia bati nachukua laki mbili na nusu mpaka laki nne. Kuanzia Agosti mpaka mvua zinaposhika simu haitulii, kila mtu anakumbuka lile tawi lililo juu ya chumba cha watoto. Mvua zikikolea kazi inapungua, na shina likiwa limelowa sipandi hata mteja apandishe bei. Kwenye laki tatu toa petroli, oili, mnyororo na gari la kubebea matawi, kisha toa posho ya vijana. Ukiona umebaki na nyingi sana, kuna mtu hujamlipa inavyostahili, na mara nyingi ni yule anayebaki chini.

Huyo wa chini ndiye ninayetaka tumwongelee. Vijana wengi wakiingia kazi hii akili yote iko kwenye kupanda. Mimi mwenyewe kupanda nilifundishwa na baba yangu mdogo, mkwezi wa michikichi, kwa ule mkanda unaozunguka mti na kiuno. Lakini mkwezi wa mchikichi anashusha mkungu, anaudondosha shambani, basi. Hana bati chini yake wala mtu aliyeshika kamba. Nilipohamia miti ya mjini nilikuja na ujuzi wa juu tu, na wa chini sikuwa nao kabisa.

Oktoba 2017 tuliitwa Ujiji kwa mama mmoja mwenye mwembe wa siku nyingi, ile miembe ya zamani iliyofuata njia ya misafara kutoka Tabora kuja ziwani. Tawi lenyewe lilikuwa nene kama ndoo ya lita 20, urefu mita tatu hivi, limekaa juu ya bati la jiko. Nikalifunga kamba, nikaipitisha kwenye panda ya juu, nikamshushia shemeji yangu ncha nyingine. Nilimwambia maneno mawili tu: shika, usiachie. Naye kwa bidii yake akaizungusha kamba kiganjani mara mbili ili asiteleze.

Piga hesabu, mkuu. Mti mbichi wa mwembe uzito wake unakaribia wa maji. Tawi la kimo hicho ni karibu kilo 200, yaani mifuko minne ya saruji. Hapo bado hujaweka mshtuko wa kuanguka kabla kamba haijakaza. Nilipomaliza kukata, kamba ililia kwenye gome, nikamwona shemeji ananyanyuka. Kandambili zilibaki chini, yeye akapanda mpaka usawa wa dirisha, mkono umetangulia. Hakuweza kuachia, kwa sababu kamba ndiyo iliyokuwa imemshika. Ilimwachia tawi lilipotua kwenye bati. Vidole viwili vilivunjika na ngozi ya kiganja ikachunika. Mimi niko juu, chenso bado inanguruma, siwezi kushuka kwa haraka. Yule mama ndiye aliyevua mtandio akamfunga mkono na kumwitia bajaji.

Shemeji ni fundi cherehani. Kidole cha pete hakikunji mpaka leo. Kosa lilikuwa langu, nilimwambia hivyo siku ile ile, na tangu hapo sijampa mtu kamba bila kumfundisha kwanza.

Ninachofanya sasa ni hiki: kamba haishikwi kwa nguvu za mikono. Inazungushwa kwenye shina, la mti huohuo au la mti wa jirani ulio imara, mizunguko miwili au mitatu. Msuguano wa gome ndio unaobeba mzigo, na kijana analegeza kidogokidogo tawi lishuke kama mzee anayekaa kitini. Kamba haizungushwi mkononi wala kiunoni. Ile iliyobaki haiachwi imejikunja miguuni, mtu akaja kuikanyaga katikati. Hakuna anayesimama chini ya mzigo. Kabla sijakata naita "Chini!", na sikati mpaka nisikie "Salama!" Asipojibu, nazima chenso naangalia. Watoto wa jirani wanapenda sana kuja kushangaa, kuwaondoa ni kazi yake, na ni kazi kweli.

Mtu wa chini ndiye anayeona usichokiona ukiwa juu. Kabla ya kupanda tunauzunguka mti wote wawili. Tunagonga shina kwa mgongo wa panga. Likilia kama ngoma, ndani kuna uvungu. Tunatazama uyoga kwenye tako la mti, mchwa, udongo uliopasuka upande mmoja kuonyesha mizizi inang'oka. Tunatulia dakika chache kutazama nyuki wakiingia na kutoka, maana uvungu wa mwembe ni nyumba yao, na mlio wa chenso wanauchukia. Tukiwaona, siku hiyo kazi imeisha, tunamtafuta mrina asali awahamishe. Mparachichi uuogope kwa namna yake, matawi yake yanakatika ghafla bila kutoa onyo.

Umeme sijadiliani. Laini kubwa za 11kV na 33kV, yaani volti elfu 11 na elfu 33, nyaya zake ni tupu, hazina mpira, na umeme unaweza kuruka kukufuata kabla hujagusa. Tawi bichi linaupitisha. Tawi likiwa karibu na waya naenda Tanesco, wakishakata umeme wenyewe ndipo napanda. Mteja akisema "fundi, mwenzako juzi alikata hivihivi", namwachia huyo mwenzangu. Na mtu wa chini ajue kwamba waya ukidondoka hasogei kuokoa. Anakaa mbali na kuwazuia wengine mpaka umeme ukatwe.

Kuhusu chenso yenyewe, chunga ile ncha ya juu ya bamba linalobeba mnyororo. Ikigusa tawi jingine wakati mnyororo unakimbia, mashine inaruka kukurudia usoni au shingoni, na huna nafasi ya kukwepa. Kwa hiyo mikono yote miwili iwe kwenye mashine muda wote, na usikate juu ya usawa wa mabega. Kukata ukiwa kwenye ngazi sahau. Tawi kubwa lianze kukatwa kidogo kwa chini, kisha juu mbele kidogo ya hapo, mwisho usawazishe kisiki karibu na shingo ya tawi, pale palipovimba tawi linapoungana na shina, bila kuila ile shingo. Ukianzia juu moja kwa moja litachana gome mpaka kwenye shina, na linaweza kukufuata. Ziba masikio pia. Chenso inapita desibeli 100, na kusikia kunaanza kuharibika kwenye 85. Sikio langu la kushoto tayari limepungua.

Mkanda wa usalama nunua, lakini ujue kwamba aliyezimia akining'inia kwenye mkanda anaweza kufa hapohapo asiposhushwa haraka. Nani atamshusha? Ndiyo maana kijana wangu wa chini anajua kupanda, ana kamba ya pili tayari imeshapitishwa juu kabla sijaanza, na ana namba ya dereva wa bajaji aliye karibu. Peke yangu sipandi hata mpera.

Ukianza kuajiri, waandikishe vijana kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule wa sheria ya 2008. Kama ningekuwa nimemwajiri shemeji na kumwandikisha kihalali, angekuwa na pa kudai. Na kabla ya kuangusha mvule au mninga muone ofisa misitu, kuwa uani kwako hakuutoi mti kwenye Sheria ya Misitu ya 2002.

Jumamosi hii nina mwarobaini Gungu, tunaanza saa moja asubuhi. Chenso yako iache nyumbani, vaa viatu vya kufunika vidole, uje usimame na kijana wangu kwenye kamba. Nitakulipa posho kama yake. Niandikie PM nikuelekeze nyumba.