Jibu: Kwa nini Dreyfus hakuachiwa mapema?

Ndugu, umeuliza kwa nini Kapteni Alfred Dreyfus aliendelea kusota kifungoni ilhali jeshi la Ufaransa lilishamjua msaliti halisi. Kwa kifupi: alikuwa Myahudi, na wakubwa waliomhukumu hawakutaka kuumbuka.

Mwaka 1894 alishtakiwa kwa kuwapa Wajerumani siri za jeshi, na ushahidi ulikuwa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na kuchanwa, iliyotolewa kwenye taka za ubalozi wa Ujerumani, Paris. Wataalamu wa mwandiko wenyewe hawakukubaliana, hivyo majaji wakapenyezewa faili la siri ambalo wakili wake hakuonyeshwa. Hiyo si kesi, ni njama. Januari 1895 walimvua vyeo hadharani na kuvunja upanga wake, yeye akipaza sauti kwamba hana hatia, umati ukiwalaani Wayahudi. Akapelekwa Kisiwa cha Shetani, gereza la Guyana ya Ufaransa, Amerika Kusini.

Mwaka 1896 Picquart, mkuu wa upelelezi, aligundua kuwa mwandiko wa karatasi ile ni wa Meja Esterhazy, ofisa mwingine wa jeshi la Ufaransa. Badala ya kusikilizwa, akaondolewa na kupelekwa Tunisia! Ofisa mwenzake, Henry, akaghushi barua ya kummaliza Dreyfus kwa kuunganisha vipande vya barua mbili. Agosti 1898, mkaguzi aliyeisoma kwenye mwanga wa taa akaona mistari ya karatasi ina rangi tofauti. Henry akakiri, akajiua kizuizini. Esterhazy alikuwa ameshaachiwa huru tangu Januari.

Kinachoniuma zaidi ni kesi ya marudio mjini Rennes, Ufaransa, 1899: baada ya yote hayo, mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani tena. Rais alimsamehe siku chache baadaye, lakini hukumu yenyewe ilikuja kufutwa Julai 1906.