Leza ya macho ya kusomea: jaribu kwanza

Pole dada. Miaka 47, fundi cherehani, na uzi haupiti tundu la sindano mpaka unyooshe mkono: yalinikuta hayohayo. Unauliza kama leza itakuondolea miwani moja kwa moja. Hapana. Kilichokakamaa kwa umri ni lenzi iliyo ndani ya jicho. Leza huchonga konea, ule utando angavu wa mbele, na lenzi inaendelea kukakamaa.

Mara nyingi wanachofanya ni jicho moja lione mbali, jingine karibu. Usikubali kabla hujapewa lenzi za kubandika jichoni ukazijaribu siku kadhaa, ukiwa kwenye cherehani yako. Mimi nilijaribu wiki moja. Gazeti nilisoma safi, ila usiku nikaikosa ngazi ya mwisho, nikaachana nayo. Tena leza huweza kukausha macho, na wewe unakodolea mshono kutwa.

Miwani ya kusomea na taa nzuri mezani si haba. Ila usiokote tu ya barabarani. Daktari wa macho akupime, pamoja na presha ya jicho. Ukiona vimulimuli au kama pazia jeusi ghafla, nenda siku hiyohiyo.