Maswali Yenu: Noti Mkononi, Duka Linataka Kadi

Noti ni fedha halali. Duka linapata wapi ubavu wa kuikataa?

Uhalali huo unahusu zaidi ulipaji wa deni, na dukani hakuna deni mpaka mwenye duka akubali kukuuzia. Kabla ya hapo anaweza kuweka masharti yake, isipokuwa sheria ya nchi imemkataza. Uingereza na Uswidi zinamruhusu; tangazo la "kadi tu" mlangoni kwa kawaida linamtosha. Marekani haina sheria ya taifa zima inayolazimisha maduka kupokea taslimu, ila jimbo la Massachusetts lina yake tangu 1978, na New Jersey ilifuata 2019. Norwei ilikaza sheria tarehe 1 Oktoba 2024: duka lenye wahudumu lipokee taslimu hadi krone 20,000, ingawa mashine za kuuzia zimeachwa nje.

Mgahawani mambo hugeuka. Umeshakula, deni lipo. Kama hukuambiwa mapema kwamba ni kadi tu, hoja yako ina nguvu kuliko ya mtu aliyesimama kaunta na bidhaa ambazo hajauziwa bado. Basi uliza mlangoni, si kwenye foleni.

Nimejaza toroli, nafika kwenye mashine za kujihudumia, zote za kadi!

Tazama mashine kabla ya kuskani chochote: inayopokea taslimu ina mdomo wa noti na kitundu cha sarafu. Ukishaskani, mara nyingi ni lazima mhudumu aje na kibali chake kufuta kila kitu, na foleni nyuma yako itakusema. Ikiwa hakuna ya taslimu, mwite mhudumu akuonyeshe kaunta yenye droo. Maduka mengi makubwa huacha angalau moja.

Mashine ikitema noti, usiisukume kwa nguvu. Kunjua pembe zilizojikunja, ifute kama ina unyevu, kisha igeuze upande. Vihisi vyake hulinganisha vipimo na alama za noti, kwa hiyo iliyobandikwa gundi ya karatasi hukataliwa hata kama ni nzima. Hiyo peleka benki. Sarafu tia moja moja.

Kwa nini keshia hana chenji kila asubuhi?

Droo ya fedha huanza siku na fedha kidogo za chenji, na noti kubwa zikiingia huhamishiwa kwenye kasha ambalo keshia mwenyewe hana ufunguo wake. Hakudanganyi. Msaidie kwa hesabu: bili ni 87 nawe una noti ya 100. Atahangaika kutafuta 13. Ongeza sarafu mbili za 1, umpe 102, naye atakurudishia 15: noti ya 10 na sarafu ya 5.

Taja kwa sauti noti unayompa, na uhesabu chenji papo hapo kaunta. Ukishatoka, ni neno lako dhidi ya lake mpaka droo ihesabiwe.

Lakini msimwage kopo zima la sarafu, tafadhali. Katika nchi zinazotumia yuro, muuzaji halazimiki kupokea zaidi ya sarafu 50 kwa malipo mamoja.

Nililipa taslimu, jumla ikapanda kidogo. Nimeibiwa?

Pengine ni ukadirishaji, yaani jumla kusogezwa hadi senti 5 iliyo karibu. Ufini haitumii sarafu za senti 1 na 2 madukani, kwa hiyo 12.43 ya taslimu huwa 12.45, na 12.42 hushuka kuwa 12.40, mwenye kadi hulipa kamili. Kinachokadirishwa ni jumla ya mwisho tu. Ukikuta kila bidhaa imepandishwa peke yake kwenye risiti, dai tofauti.

Nikirudisha bidhaa niliyolipia taslimu?

Risiti ndiyo kila kitu. Mwenye kadi anaweza kutafutwa kwenye rekodi za benki. Wewe uliyelipa taslimu hukuacha alama yoyote. Maandishi ya risiti zinazochapwa kwa joto hufifia, basi ipige picha siku hiyo hiyo, na uulize kama utarudishiwa taslimu au vocha ya duka.