Kiraka kinakataa baada ya kupandisha toleo la OpenBSD
Ndugu, umesema ulipandisha mfumo endeshi wa OpenBSD kutoka 7.4 hadi 7.5, kisha kiraka (patch, faili la marekebisho ya msimbo) kikakataa kwa ujumbe "Hunk #1 failed", yaani kipande cha kwanza kimeshindwa kubandikwa. Hilo si kosa la kiraka. Sysupgrade (amri ya kupandisha toleo) hubadilisha mfumo ila haigusi /usr/src, folda ya msimbo chanzo; humo bado una msimbo wa toleo la zamani, na kiraka cha 7.5 hakikai vizuri juu ya msimbo wa 7.4. Safisha folda, fungua src.tar.gz na sys.tar.gz za toleo linaloonyeshwa na amri ya uname -r, kisha bandika viraka kuanzia namba 001 kwa mpangilio. Ukiulizwa "Assume -R? [y]" usibonyeze Enter tu, maana utabandua ulichokwisha kubandika (mimi yalinikuta saa nane usiku). Mistari iliyokataa utaikuta kwenye faili la .rej. Ila kwa amd64 (prosesa za kawaida za biti 64 za Intel na AMD) unajitesa bure, syspatch, amri inayoweka viraka vilivyo tayari bila kugusa msimbo, ipo tangu toleo la 6.1.